Je, Wajua? Tarumbeta la Askofu, Kinyago cha Mreno na Tarehe 16 Juni

Mwalimu wa historia anayepangiwa Masasi au Newala hukuta kitabu cha kiada kimeipa Vita ya Maji Maji kurasa chache, na ukombozi wa Kusini mwa Afrika kurasa nyingine chache, kana kwamba yote yalitokea mbali na wanafunzi wake. Sivyo. Mengi yalipita hapa hapa, kwenye vilima vya mawe vya Masasi na ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde, mahali ambapo ukisimama Newala juu ya Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limelala chini na Msumbiji ng'ambo yake. Yafuatayo ni machache tuliyoyakusanya kwa ajili ya mwalimu huyo na wanafunzi wake. Hayakupangwa kwa miaka.

Je, wajua kwamba 16 Juni ilikuwa ya Mueda kabla ya kuwa ya Soweto?

Kila mwaka tarehe hiyo shule zetu huadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Watoto hupanga mistari uwanjani, kwaya huimba, ngonjera husomwa, mgeni rasmi hupewa kiti kivulini. Siku hiyo, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1991 kwa uamuzi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, inawakumbuka wanafunzi wa Soweto walioandamana tarehe 16 Juni 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, polisi wakawafyatulia risasi. Picha ya mpiga picha Sam Nzima, ya kijana aliyembeba Hector Pieterson mwenye umri wa miaka 12, huku dada yake akikimbia kando, ilizunguka dunia nzima.

Sasa rudi nyuma miaka 16 kamili. Tarehe 16 Juni 1960 umati wa Wamakonde ulikusanyika mbele ya ofisi ya mtawala wa Kireno mjini Mueda, juu ya uwanda ulio kusini mwa Ruvuma. Kutoka Newala hadi Mueda, ukikata moja kwa moja kama ndege, hazifiki kilomita 100. Na miongoni mwa waliosimama mbele ya mtawala siku ile kudai haki za watu wao walikuwa Faustino Vanombe na Kibiriti Diwane, wanaume waliotoka Tanganyika, ambako maelfu ya Wamakonde wa Msumbiji walikuwa wamekimbilia kazi za mashamba ya mkonge ili kukwepa kazi za shuruti na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Walikamatwa. Umati ukapiga kelele, askari wakafyatua risasi. FRELIMO, chama cha ukombozi kilichoundwa Dar es Salaam miaka miwili baadaye, kilitaja waliokufa kuwa 600. Nyaraka za Wareno zinataja wachache zaidi kwa mbali, na wanahistoria bado wanabishana. Mwalimu asiufiche ubishi huo. Kidato cha tatu wanaweza kabisa kujadili kwa nini pande mbili zinahesabu maiti zile zile kwa idadi tofauti.

Lakini kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, wakazi wa Mueda walikuwa wakiliigiza tukio hilo kila mwaka, mbele ya jengo lile lile, bila jukwaa. Wanakijiji waligawana nafasi: huyu mtawala, yule mkalimani, wale askari, na waliobaki wakawa umati, baadhi yao wakiigiza yale waliyoyaona kwa macho yao. Mtengenezaji filamu Ruy Guerra, mzaliwa wa Msumbiji aliyekuwa amejijengea jina Brazil, alikwenda na kamera yake mwaka 1979 akapiga igizo hilo kwa rangi nyeusi na nyeupe. Filamu hiyo, *Mueda, Memória e Massacre*, huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya hadithi ya Msumbiji huru. Anayeitazama hushangaa kuwaona watu wakicheka. Mreno anaigizwa kama kikaragosi, mwenye majivuno na mwendo wa kuchekesha, na kicheko kinaendelea hadi risasi zinapoanza.

Ningetamani kuona 16 Juni moja mjini Newala ambapo, baada ya hotuba ya mgeni rasmi, wanafunzi wanaigiza Soweto na Mueda kwa zamu. Ndugu za waliokuwa Mueda wanaishi pande zote mbili za mto. Serikali ya Msumbiji yenyewe ilipoacha fedha ya Kireno na kuleta metikali mwaka 1980, siku iliyoichagua ilikuwa 16 Juni.

Je, wajua kwamba askofu wa Masasi ndiye aliyempa Hugh Masekela tarumbeta lake la kwanza?

Aliitwa Trevor Huddleston, padri Mwingereza mtawa, na alifika Johannesburg mwaka 1943. Parokia yake ilikuwa Sophiatown, mtaa wa Waafrika uliojaa vilabu, waandishi, wanamuziki na wahuni. Siku moja alipita karibu na mama mmoja Mwafrika akavua kofia yake kumsalimu, jambo ambalo Mzungu wa Afrika Kusini hakulifanya. Mtoto wa mama yule alisimama pale akashangaa, na hakusahau maisha yake yote. Alikuwa Desmond Tutu. Baadaye alimpa mwanawe wa kiume jina Trevor.

Huddleston pia alikuwa msimamizi wa shule ya St Peter's, Rosettenville, alikosoma Masekela. Kijana huyo alikuwa mtundu, haishi kupatikana na makosa. Alipokuwa na miaka kama 14, akiwa ametazama filamu ya Marekani kuhusu mpiga tarumbeta, alimwambia padri kwamba akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Padri alimnunulia, akamtafutia na mwalimu, mzee aliyeongoza bendi ya shaba ya manispaa. Wenzake nao wakataka vyombo, na hivyo ndivyo ilivyozaliwa bendi ya shule iliyoitwa kwa jina la padri. Huddleston alipopitia Marekani mwaka 1956 alimsimulia Louis Armstrong habari za vijana hao, naye Armstrong akatuma mojawapo ya matarumbeta yake mwenyewe. Ipo picha ya Masekela akiruka hewani kwa furaha, amelishika.

Mwalimu wa muziki ana somo zima hapo. Lakini mwalimu wa historia asiishie kwenye tarumbeta. Mwaka 1953 serikali ya makaburu ilipitisha sheria ya elimu ya Waafrika, iliyokusudia kumfundisha mtoto mweusi kiasi tu cha kumtumikia mweupe. Wamisionari wengi walikabidhi shule zao. Huddleston aliona heri shule ya St Peter's ifungwe kuliko kuikabidhi kwa sheria ile, na ikafungwa. Tarehe 9 Februari 1955 polisi wapatao 2,000 waliingia Sophiatown kuwahamisha watu kwa nguvu, naye alikuwa mtaani pamoja nao. Mwezi Juni mwaka huo huo, kwenye Kongamano la Watu huko Kliptown, alitunukiwa Isitwalandwe, heshima ya juu ya wapigania uhuru, pamoja na Albert Luthuli na Yusuf Dadoo. Kitabu chake, *Naught for Your Comfort*, kilitoka 1956, mwaka ambao shirika lake lilikuwa tayari limemwita arudi Uingereza.

Kule London, tarehe 26 Juni 1959, ulifanyika mkutano wa kuanzisha harakati za kususia bidhaa za Afrika Kusini, harakati ambazo mwaka uliofuata ziligeuka kuwa Anti-Apartheid Movement. Miongoni mwa waliozungumza walikuwa Huddleston na Julius Nyerere. Mwaka huo huo wa 1960 Huddleston akawa Askofu wa Masasi.

Fikiria basi: mtu aliyekuwa tayari kufunga shule yake kwa ajili ya haki anafika dayosisi ya vijijini yenye shule nyingi, na nchi inapata uhuru machoni pake, mwaka mmoja tu baada ya kufika. Alijifunza Kiswahili, akatembelea parokia za bondeni na za uwandani, akabaki rafiki wa Mwalimu Nyerere. Mwaka 1968 aliondoka, na kiti kikachukuliwa na Mwafrika, Askofu Hilary Chisonga. Baadaye, kuanzia 1981 hadi 1994, Huddleston alikuwa rais wa Anti-Apartheid Movement. Majivu yake yamezikwa Sophiatown, katika kanisa la Kristo Mfalme. Masasi walikuwa na mtu huyu miaka minane, na naamini wazee wa Mtandi na Chidya waliopata kipaimara mikononi mwake wana mengi ya kuwaambia wajukuu kuliko niliyoyaandika mimi.

Je, wajua kwamba katika Maji Maji, Masasi iliungua na Chiwata ikakataa?

Vita ilianza mwishoni mwa Julai 1905 kwenye milima ya Matumbi, chanzo kikiwa mashamba ya pamba ya lazima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti, vita ikiwa bado changa. Kabla mwezi haujaisha moto ulikuwa umefika huku: misheni ya Wabenediktini ya Nyangao iliteketezwa, na misheni ya Waanglikana ya Masasi ikachomwa, wamisionari wakakimbilia pwani, Lindi. Misheni hiyo ya Masasi ilikuwa imeanzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere kwa watu waliokombolewa utumwani Zanzibar, na si mara ya kwanza kwake kuvamiwa. Wangoni, waliojulikana hapa kama Magwangwara, waliishambulia mwaka 1882.

Ila si kila mtu alikunywa maji. Nakaam, mtawala wa Kiyao wa Chiwata, aliwazuia wapiganaji wasipande kwenye uwanda. Mwanafunzi mmoja atasema alikuwa kibaraka, mwingine atasema aliwakinga watu wake na njaa iliyoua wengi kuliko risasi, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Somo la Maji Maji linaloficha akina Nakaam humfanya mtoto aamini kwamba kupinga ni jambo rahisi, linalowajia watu wote kwa siku moja, na mtoto huyo atashindwa kuelewa lolote atakaloliona akikua.

Sasa angalia vita hii ilivyoingia darasani, maana hapo kuna jambo la kujivunia. Kwanza ilikuja kwa utenzi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitungia vita hiyo utenzi kwa Kiswahili, na hakuwatukuza wapiganaji; aliwatazama kwa jicho la mtu wa mjini aliyeona balaa inakuja. Utenzi huo ulichapwa Afrika Mashariki mwaka 1957. Kisha, mwaka 1968, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake makwao wakati wa likizo kuwahoji wazee walioiona vita. Mradi huo uliongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe. Hesabu kidogo: aliyekuwa kijana wa miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na miaka 78 mwaka ule. Wangechelewa muongo mmoja tu, wangekuta makaburi. Mengi tunayoyajua kuhusu Maji Maji kutoka vinywani mwa waliopigana yaliokolewa na vijana wale, kila mmoja akikaa kwenye mkeka wa babu yake na daftari mkononi.

Mwaka uliofuata, 1969, Ebrahim Hussein, msanii wa kusini, akatoa tamthilia yake *Kinjeketile*. Aliibadili tahajia ya jina, na akasema wazi kwamba mhusika wake si yule wa historia. Tamthilia inauliza swali ambalo hati za Wajerumani haziwezi kulijibu: kiongozi afanye nini akigundua kwamba jambo lililowaunganisha watu si la kweli kama walivyoamini? Vizazi vya wanafunzi wa Tanzania na Kenya wamelisoma swali hilo kama kitabu cha fasihi. Ninachoomba ni kwamba mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa historia wa shule moja wakae pamoja wiki moja, utenzi, mahojiano na tamthilia vikiwa juu ya meza moja.

Je, wajua kwamba kinyago kilimcheka Mreno hadharani, Mreno akiwa anatazama?

Wari wanapotoka jandoni, ngoma ya vinyago hutoka nayo. Huku Newala na Tandahimba huitwa midimu; Wamakonde wa Msumbiji huiita mapiko, mchezaji mmoja akiwa lipiko. Zamani kinyago kilikuwa mzimu, kikiwatia hofu wanawake na watoto. Wakati wa ukoloni wachongaji wa Msumbiji waliongeza sura mpya: mtawala wa Kireno, polisi, padri. Mcheza ngoma alimwiga mwendo, mikono nyuma, tumbo mbele, na kijiji kizima kilijua ni nani. Mtawala angemkamata vipi mzimu? Wakati wa vita ya ukombozi mapiko yaliingia hadi kambini, na vinyago vya mpingo vilivushwa Ruvuma kuja kuuzwa Tanzania, fedha zake zikisaidia mapambano.

Ule mtindo tunaouita ujamaa, watu wengi wamepandana kwenye gogo moja, nao ni kazi ya Mmakonde aliyekuja kutoka Msumbiji, Yakobo Sangwani, katika miaka ya 1950. Mwenyewe aliuita *dimoongo*, nguvu. Inasimuliwa kwamba kinyago cha kwanza kilionyesha mshindi wa mieleka aliyeinuliwa juu na wenzake, na jina la ujamaa lilikuja baadaye, siasa ilipolihitaji.

Kinyago kimoja kimewahi kusafiri vibaya. Kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, kikaishia kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva. Kilirudishwa mwaka 2010, baada ya miaka mingi ya Tanzania kukidai.

Je, wajua kwamba sauti za watu wa Masasi na Newala zilirekodiwa mwaka 1906?

Karl Weule, mtaalamu kutoka makumbusho ya Leipzig, alikusudia kwenda Kondoa Irangi, lakini kwa sababu ya machafuko ya huko akaletwa kusini, ambako moshi wa Maji Maji ulikuwa haujatoweka. Alikaa Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta akiwa na mashine ya silinda za nta, akarekodi nyimbo. Aliwagawia watu penseli na karatasi pia, wakachora. Mmoja wa wachoraji alikuwa mnyapara wa wapagazi aliyejulikana kwa jina Pesa Mbili. Michoro ilichapwa kwenye kitabu cha Weule mwaka 1908, na sauti zilikwenda Ujerumani. Mwalimu wa sanaa anaweza kuanzia na Pesa Mbili, kisha awape wanafunzi penseli wachore alichokiona mpagazi na mzungu wake hakukiona.

Je, wajua kwamba wimbo wa asubuhi ulitungwa na mwalimu wa shule?

Enoch Sontonga alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni karibu na Johannesburg alipotunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897. Mwaka 1925 ANC iliufanya wimbo wa kufungia mikutano yake, na chini ya ubaguzi wa rangi kuuimba tu kulikuwa msimamo. Sisi tuliuchukua kwa Kiswahili mwaka 1961, ukawa wimbo wetu wa taifa. Mtoto wa Masasi anayesimama mstarini saa moja na nusu asubuhi, miguu ina umande, anaimba wimbo ambao kwa vijana wa Soweto ulikuwa hatari. Sijui walimu wangapi wamewahi kumwambia.

Je, wajua kwamba mwaka 2018 uwanda huu uligoma bila kuandamana?

Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule, minada ya kwanza ya korosho ilipofunguliwa Tandahimba na Newala, wanunuzi walitaja bei. Msimu uliotangulia kilo ilikuwa imefika karibu shilingi 4,000, na zilizotajwa safari hii zilikuwa chini mno. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani mkulima ana haki ya kusema hapana. Wakasema hapana. Magunia yakabaki ghalani, karo zikingoja, madeni ya salfa yakingoja. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 na kuagiza jeshi lizisombe. Mengi yalifuata, mazuri na machungu, na malipo yalichelewa kwa wengi.

Waliokuwa darasa la saba mwaka ule sasa ni vijana wakubwa. Walikuwa pale ghalani na baba zao, walisikia bei ikisomwa na walisikia watu wakijibu. Hao ndio wa kuhojiwa sasa, daftari mkononi, kabla hawajasahau nani alisimama kwanza.